Bibi Hajala

Dokta Agnesi alifika kwenye arobaini ya Bibi wakati khitma imekwisha na wanaume wameshaanza kukunja majamvi. Alikuwa ametoka Masasi asubuhi, gari likaharibika njiani, akaingia uani kwetu na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Watu walimletea kiti cha plastiki. Akakipita, akaja kukaa na sisi jikoni, kwenye kigoda kilekile alichokuwa akikalia mwaka ule. Hatukuwa tumeonana tangu alipoondoka. Nilimwamkia, "Shikamoo Dokta," akaitikia, "Marahaba mwanangu, pole sana," halafu hakuna kati yetu aliyeongeza neno. Mimi si msemaji. Tangu shule ya msingi walimu waliandika kwenye ripoti zangu kwamba nina adabu, nadhani kwa sababu hawakujua waandike nini kuhusu mtoto asiyefungua mdomo. Ndiyo maana naandika. Nimemaliza kidato cha nne, nina miaka kumi na minane, na wenzangu wananicheka nikisema nina kumbukumbu za kuweka kwenye karatasi. "Wewe umeishi lini, Nasra?" Nimeishi mwaka mmoja. Ni ule wa kidato cha tatu, Dokta Agnesi alipopanga chumba cha mbele nyumbani kwetu Newala, tukawa tunamtafuta Bibi yangu aliyekuwa amepotea hali amekaa mbele yetu kwenye mkeka, na kuna majuma tuliyoamini kabisa kwamba tumempata.

Nyumba yetu, tuliyoishi mimi na Bibi tu, ina vyumba vitatu na haina dari. Kuta zinaishia njiani, juu ni mapaa na bati, kwa hiyo anayekohoa chumba cha mbele anakohoa nyumba nzima. Dokta alihamia wakati wa baridi, ule wakati upepo unapanda kutoka bonde la Ruvuma na watu wa Newala wanapiga mswaki wamejifunika mablanketi. Vitu vyake mtaa mzima ulivikagua vikishushwa: mizani ya kuning'iniza kama ya machinjioni, nyingine ya kupanda mtu mzima, nyingine ndogo ya mezani, vikombe na miiko ya kupimia, mabakuli ya kila ukubwa, boksi la barafu, kishikwambi, na sufuria moja tu ya kupikia. Jirani yetu Mama Shabani, ambaye hakuna kitu kinachoingia mtaani bila yeye kukitolea hukumu, alishika kiuno. "Dokta hana sindano, hana vidonge, ana vikombe. Huyu ni dokta au muuza uji?" Dokta Agnesi akacheka, akaeleza kwamba yeye ni dokta wa kusoma, mtaalamu wa lishe, anachunguza wazee wanakula nini na chakula hicho kinahusianaje na kusahau kwao. "Anachungulia vyungu," Mama Shabani akawatafsiria wengine, na tangu siku hiyo jina likawa Dokta wa Vyungu. Jina jingine hawakuwa nalo la kumpa. Kwetu mwanamke wa umri wake ni Mama fulani, na kila aliyemuuliza "Wewe ni Mama nani?" alijibiwa kwa upole, "Mimi ni Agnesi tu," watu wakaanza kuulizana habari za maji.

Hakujua, alipolipia kile chumba, kwamba ndani mna Bibi. Wakati huo Bibi alikuwa ameshaanza kuondoka. Sijui neno zuri zaidi. Mtaani wengine walisema amerudi utoto, wengine walisema kachezewa. Alikuwa anabeba dumu kwenda kuchota maji kwenye kisima kilichofukiwa kabla mimi sijazaliwa, anarudi na dumu tupu, ananilaumu kwamba nimeyamwaga. Aliniita Somoe, jina la mdogo wake ambaye alikwisha kufa. Hayo niliyavumilia. Lakini siku moja nilirudi kutoka shule na sare yangu na mkoba, Bibi akainuka kwenye mkeka kwa shida, akashika magoti, akaniamkia. "Shikamoo mwalimu." Nilisimama mlangoni kama niliyemwagiwa maji. Huyu ndiye aliyenifundisha, kwa kunifinya mkono, nani anaamkiwa na nani anaamkia. Akarudia, "Shikamoo mwalimu," kwa sauti ya mtu anayeogopa kwamba amekosea mahali, akaendelea kuinama, na nikaona hatakaa mpaka nimwitikie. Nikasema, "Marahaba." Akakaa, ameridhika. Mimi nilikwenda chooni nikafunga mlango, nikabaki humo mpaka Mama Shabani akaja kubisha akidhani tumbo linaniuma. "Toka humo, wewe, au umezamia?"

Dokta alikuwa amesikia yote. Jioni aliniita chumbani kwake. Kilikuwa kinanuka dagaa wakavu, kwa sababu sampuli za vyakula alizipanga kwenye mifuko chini ya kitanda, na ukutani alikuwa amebandika picha ya mwanamke mzee aliyevaa kitambaa cheupe kichwani, amesimama mbele ya jiwe kubwa kama nyumba ya ghorofa. Alinimiminia chai. "Nasra, wanaosahau si wagonjwa wa aina moja," alisema. "Kuna ambao ubongo wenyewe unaliwa, pole pole, na mpaka leo hatujui namna ya kuuzuia. Ila kuna wachache wanaosahau kwa njaa. Zile vitamini za kwenye samaki, mayai, nyama, zikikosekana muda mrefu, mtu anachanganyikiwa vilevile, unaweza kuapa ni ugonjwa uleule. Hao ukiwalisha, ukawatibu, wengine wanarudi." Sikuwa nimewahi kumuuliza mtu mzima swali bila kuulizwa kwanza. Siku hiyo niliuliza. "Wanarudi mpaka wapi?" Akaizungusha chai kikombeni. "Wengine wanarudi mpaka nyumbani," akasema. Halafu akaniuliza, "Bibi yako mchana anakula nini, wewe ukiwa shule?" Nikamjibu ukweli kama nilivyoujua. "Hali, Dokta. Anakula jioni nikishapika." Akaniangalia. Najua sasa alichokiona: aliona mlango umefunguka. Na mimi, kwa kumwona yeye anauona, nikauona.

Basi kila Jumamosi nikawa mkalimani wake. Yeye ni Mmakua wa Masasi. Chimakonde chake kilikuwa cha kuchekesha, akimsalimia mzee unaona mzee anajikaza asicheke. Tulizunguka Newala, tukashuka vijiji vya kule bonde linapoanzia, siku nyingine tulipata lifti mpaka upande wa Tandahimba, msimu wa korosho ulipofika na wazee wakawa hawapatikani ila chini ya mikorosho yao, wanakamua mabibo. Swali lenyewe lilikuwa moja, mengine yote yalitoka humo: jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, ulikula nini? Mzee anatakiwa akumbuke, na mtafiti anapata vitu viwili kwa mpigo, chakula na kumbukumbu. Nilitafsiri nikiangalia chini. Walijibu. "Jana? Jana sikula." Au, "Asubuhi sikula, mchana sikula, nilikula jioni." Mzee Chinduli, ambaye alikuwa na masihara na kila mtu, alimwambia, "Unaniuliza nilichokula. Umeniletea?" Kila kipindi cha siku kilikuwa na mahali pake kwenye kishikwambi, na ukibonyeza "hakula" kinaruka chenyewe mpaka kipindi kinachofuata. Kule kuruka alikupanga Dokta mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini asidadisi zaidi. Akaniambia kwamba huku kwetu mtu akishasema hajala, kumuuliza mara ya pili ni kumfedhehesha. "Mama yangu angenichapa," alisema. Nilimwelewa. Hata mimi ningeona haya.

Jioni, akikoroga uji wake kwenye ile sufuria moja, alinisimulia maisha yake kwa vipande, na mimi nilivipokea kwa sababu hakunitaka nijibu. Alianza na watoto. Alipotoka Morogoro kusomea lishe alipangiwa kliniki moja ya vijijini, kazi yake kuning'iniza watoto kwenye ile mizani ya machinjioni na kuwaambia mama zao waweke karanga kwenye uji. Alikuwa hodari, akapelekwa ng'ambo kusoma zaidi, kwenye nchi ya baridi, na huko kwa kukosa kazi nyingine ya kumpa fedha za kujikimu alipima chakula kinachobaki kwenye sahani za wazee kwenye nyumba ya kulelea. Kulikuwa na babu mmoja aliyesahau jina la mkewe lakini akimenya chungwa ganda linatoka zima, halikatiki. "Nilimtazama yule babu kila siku," alisema. "Nikasema mwili unajua kitu ambacho kichwa hakijui." Akarudi na digrii yake ya uji wa watoto, akawa mtu wa mikutano, mpaka kaka yake alipompigia kutoka Masasi kwamba mama anatia chumvi kwenye chai na anawafukuza wajukuu akidhani ni wezi. Ndiye yule wa pichani. Dokta akaacha watoto, akahamia kwa wazee. Wenzake walimshangaa. Mmoja alimwambia mbele ya watu, "Agnesi, watoto wanakufa, wewe unahangaika na vikongwe?" Aliiga sauti ya huyo mtu, akacheka, uji ukaungua.

Kwa kuwa nyumba haina dari nilisikia na yale ambayo hakunisimulia. Nilimsikia akiongea na mkuu wake kwenye simu, sauti ya kubembeleza ambayo hakuwa nayo uani. "Nipe mpaka mavuno tu, Profesa. Wanaosahau ndio hao hao wasiokula, ninaiona, imejitokeza wazi. Ikiwa ni njaa, inatibika. Unaelewa maana yake? Inatibika." Na nilimsikia akiongea na kaka yake. "Muulize mwenyewe kama amekula. Mpe simu. Mama? Mama, umekula?" Akasikiliza. "Jamani, Wilfredi, mbona anasema hajala tangu jana? Mnamfanyia nini mama yangu?" Kaka yake naye alipaza sauti mpaka nikamsikia kwenye simu, kwamba mkewe anapika kutwa kucha, kwamba mama anakula na kusahau, na kwamba kama Agnesi ana uchungu hivyo aje amlishe kwa mkono wake. Simu ikakatika. Niliposikia analia nilijifunika shuka kichwani, maana hata kupumua kwangu nilihisi ni kama kumchungulia. Upande wa pili wa chumba Bibi alikuwa anaimba wimbo wa kutwangia, maneno yakiwa sawasawa, kila neno mahali pake.

Kitu kimoja kilimsumbua Dokta, na alikuwa anakisema kwa sauti kama mtu anayetafuta ufunguo. Bibi hakuwa amekonda. Tulimpima, akamuita Dokta mwizi wakati wa kupanda mizani, na uzito wake ulikuwa wa mtu aliyeshiba. "Anaishi na nini huyu?" Dokta aliuliza. Mama Shabani aliyekuwa akisuka ukili pembeni akajibu, "Anaishi na matusi," na kweli Bibi alikuwa ameanza kutukana, matusi ya zamani ambayo hata mimi ilibidi niulize maana yake. Lakini mtu akishataka kitu kiwe, anakipita tu kile kinachokikataa. Muuguzi akaja kuchukua damu, chupa zikaingia kwenye boksi la barafu, zikaenda mjini kupimwa, majibu yakachelewa. Dokta hakusubiri. Alizungumza na daktari wa hospitali, Bibi akaanza kuchomwa sindano za vitamini, na sisi nyumbani tukaanza kumlisha. Jioni ugali wa muhogo na samaki na kisamvu cha karanga. Nilikuwa namlisha kwa mkono wangu, tonge namfinyangia dogo, namsubiri ameze, namtazama machoni kama mtu anayesubiri simu ishike mtandao. Siku moja, nimebeba beseni, akanigeukia akasema kwa sauti yake ile ya zamani, ya amri, "Nasra, kuku hawajafungiwa." Beseni lilinidondoka. Maji yote, na Newala maji hayamwagwi hivi hivi. Mama Shabani alipiga kigelegele kutoka kwake bila kujua kimetokea nini, kwa sababu alinisikia napiga kelele, mimi ambaye sipigi. Dokta alitoka na povu la sabuni kichwani. "Amesema nini? Amesema jina? Rudia vilevile alivyosema." Nilirudia. Alinikumbatia na lile povu lake. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sasa naiogopa, kwa sababu najua ilikuwa imesimama juu ya nini.

Likizo ilipofika alinichukua tumtembelee mama yake. Bibi alibaki na Mama Shabani. Tuliteremka kutoka uwanda wa juu, na tulipopita njia ya kwendea Chidya akanionyesha milima ambayo utotoni aliifuata kuokota kuni, kisha yakaanza yale majiwe ya Masasi, makubwa, yamekaa peke yake tambarare kama yamesahauliwa na aliyekuwa anayabeba. Nyumba ya mama yake ilikuwa chini ya mojawapo. Kaka na mkewe walikuwa wamekwenda kwenye ibada ya mazishi, wametuachia chakula kwenye hotpoti: muhogo wa kuchemsha, mayai, samaki wa kukaanga. Mama Agnesi, ndivyo alivyoitwa na kila mtu kwa jina la mwanawe huyo, alikuwa amekaa barazani mwanana, msafi, mikono ameiweka mapajani. Alimpokea binti yake vizuri sana, kama mgeni anayeheshimika, akamuuliza ametokea wapi na huko kwao hawajambo. Dokta alijibu kila swali. Tukaweka sinia katikati tukala watatu. Mama Agnesi alikula vizuri, samaki alimchambua mwiba kwa mwiba kwa vidole bila hata kumwangalia, na mimi, ambaye safari ilinitia njaa, nilikula zaidi ya wote. Dokta alikuwa anatutazama akitabasamu. Alipokwisha kutunawisha akarudi kukaa miguuni pa mama yake, akamshika goti.

"Mama, umekula?"

"Sijala, mwanangu," mama yake akasema. "Tangu jana sijala."

Dokta aliinamisha kichwa. Mifupa ya samaki ilikuwa bado iko kwenye sahani, inzi wanaitembelea. Akafuta macho na ncha ya kanga, akajilazimisha kuwa mchangamfu, akanigeukia mimi ili tu aongee na mtu mwenye akili zake. "Na wewe Nasra, mwanangu, umekula? Umeshiba?"

"Bado, Dokta," nikasema.

Niliyasema bila kufikiri. Nilidhani ananiuliza kuhusu chakula, kwamba wifi yake akirudi atasonga.

"Bado nini?"

"Sijala. Lakini nitasubiri tu, sina haraka."

"Nasra. Si umekula sasa hivi? Si umemaliza samaki mzima hapa mbele yangu?"

"Ule si ni muhogo tu, Dokta," nikasema, na nilianza kuona haya, nikidhani ananilaumu kwa ulafi. "Ugali sijala."

Mama Agnesi akatikisa kichwa kuniunga mkono. "Ugali," akamwambia binti yake kwa subira, kama anayemfundisha mtoto. "Mtoto wa watu hajala. Msongee ugali."

Sijui nielezeje uso wa Dokta Agnesi. Kwanza alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekumbuka kitu, kwa sababu alikuwa amekumbuka: hata yeye, mtoto wa nyumba hiyohiyo, alirudi kutoka shambani na tumbo limejaa mihogo na maembe, akamwambia mama yake hajala, na hakuwa mwongo. Kula ni ugali. Vingine vyote unatafuna, unapooza njaa, unachangamsha mdomo. Alilijua neno hilo kabla hajajua kusoma, na mahali fulani kati ya Morogoro na nchi ya baridi likamtoka. Kisha kicheko kikaisha. Nikamwona anaanza kuhesabu, macho yanakwenda huku na huku, mzee mmoja baada ya mwingine, Jumamosi moja baada ya nyingine, kila mahali tulipobonyeza "hakula" na kishikwambi kikaruka. Halafu akaniangalia mimi, na nilijua swali kabla hajaliuliza, nikatamani nizibe masikio.

"Mchana, ukienda shule. Unamwachia nini Bibi yako?"

"Mihogo," nikasema. "Au ming'oko, wakiichimba porini. Kuku wakitaga, mayai. Dagaa wa kukaanga."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na ukirudi sahani unaikutaje?"

"Tupu," nikasema.

Wifi yake alirudi akasonga ugali, tukaletewa, tukala. Mama Agnesi alikula matonge mengi, akalamba vidole, akasema, "Sasa nimekula," kwa sauti ya mtu timamu kabisa. Ni hapo Dokta alipotoka nje kwenda nyuma ya lile jiwe.

Majibu ya damu yalikuja baadaye na kusema kile tulichokwisha kukijua. Bibi hakupungukiwa kitu. Dokta alinisomea mwenyewe, ameketi kwenye kigoda, hakunificha. "Bibi yako alikuwa anakula, Nasra. Alikuwa anakula vizuri. Ulimtunza vizuri mno." Nadhani hakuna mtu mwingine aliyewahi kulia kwa kuambiwa kwamba bibi yake hakuwa na njaa. Nililia mpaka nikatapika. Nilimwambia maneno mabaya pia, kwamba angetuacha kama tulivyokuwa, kwamba mimi nilikuwa nimeshazoea kuitwa Somoe. Aliyapokea yote. Na lile jina langu, ile siku ya kuku? Nilimuuliza. Alisema ugonjwa huo una siku zake nzuri, zinakuja bila kuitwa, na kwamba angependa sana kunidanganya. Kupitia juu ya ukuta wake, jioni hiyo, nilimsikia akimwambia Profesa kila kitu bila kujitetea: swali lilikuwa bovu, yeye ndiye aliyelitunga, na yeye ni mtoto wa hapa hapa. Sauti ya upande wa pili iliongea kwa muda mrefu. Aliendelea kuitikia, "Ndiyo. Ndiyo. Naelewa." Kabla ya mvua kuanza aliwarudia wazee wote aliowahoji, mimi nikitafsiri, na safari hii tuliuliza umetafuna nini, umetia nini mdomoni. Wazee walikula. Walikula samaki, kunde, mbaazi, mayai, panya wa shambani, mlenda, korosho. Waliokumbuka walikula, na waliosahau walikula vilevile. Mzee Chinduli alitaja vitu vingi hivi kwamba Dokta aliacha kuandika akawa anamsikiliza tu. Tulipotoka kwake akaniambia, "Unaona? Hamna mlango hapa. Ni ukuta mtupu." Alifungasha mizani zake, akarudi Masasi kumlea mama yake, kwa likizo isiyo na mshahara. Mama Shabani aliyemcheka wakati anaingia ndiye aliyembebea sufuria hadi stendi.

Baada ya hapo nilibaki na Bibi na neno moja. Mengine yalimtoka, mpaka matusi, nikayakosa. Wimbo wa kutwangia ulibaki sauti bila maneno, halafu hata sauti. Lakini nikirudi shule namuuliza, "Bibi, umekula?" na sahani tupu iko pembeni, ananijibu kwa Chimakonde, kwa hasira, kwamba hajala, kwamba nyumba hii inamuua njaa. Nilikuwa namuuliza makusudi. Nilimuuliza hata mara tatu jioni moja. Kwa sababu maana yake ilikuwa kwamba ndani mle bado kuna mtu anayejua kipi ni chakula na kipi si chakula, mwanamke wa Newala mwenye msimamo wake, na anadai haki yake. Mwaka huu, kabla ya Ramadhani, aliacha kumeza vitu vigumu. Mama Shabani alinifundisha kumnywesha uji kwa kijiko. Asubuhi moja nilimpa vijiko viwili, cha tatu kikatoka pembeni mwa mdomo. Nikampangusa. Nikamuuliza, kwa mazoea tu, "Bibi, umekula?" Akanitazama kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao hata alipokuwa mzima.

"Nimekula," akasema.

Kwa uji. Niliweka bakuli chini nikatoka uani nikamwambia Mama Shabani kwamba Bibi amekufa. Akaja mbio, akamkuta anapumua, akanigombeza kwa kumchuria mabaya. Aliishi siku kadhaa zaidi, lakini mimi sikukosea.

Hayo nilimsimulia Dokta Agnesi jikoni siku ya arobaini, kwa sauti ndogo, moshi ukituingia machoni. Alikuwa amewekewa sahani ya wali wa wageni, ameimaliza. Aliniuliza tu, "Uji mtupu?" nikasema ndiyo, na hakuniambia pole. Nadhani ni kwa sababu hiyo ninampenda. Alitazama simu yake muda. Akasema mama yake sasa hamjui kabisa, hampokei hata kama mgeni, anamkimbia, na kwamba yeye bado anaandika, ila siku hizi anaandika habari za namna ya kuuliza. Kitu kidogo, watu hawakisomi. Halafu akapiga simu, akaweka sauti kubwa, akamwomba wifi yake asogeze simu sikioni mwa mama. Tulisikia kuku wa Masasi, na mtu anavuta pumzi.

"Mama, umekula?"

Mama Shabani aliacha mwiko ndani ya sufuria. Mimi nilishika ukingo wa kile kigoda, na Dokta Agnesi alikuwa amefumba macho, midomo inachezacheza kama mtu anayeomba.

"Sijala," ikasema ile sauti, kali, ya kuonewa. "Tangu jana sijala."

Dokta hakufumbua macho. Nami, ambaye siongei mbele ya watu, nilimshika mkono.

"Muulize tena," nikasema.